Jinsi ya kuanzisha mfuko wa kusaidia wahitaji wa mtaa wenu, na usife mwaka wa pili

Hazipiti wiki tatu bila mtu kunisimamisha njiani au kunipigia simu na swali lilelile: "Tunataka kuanzisha mfuko wa kusaidia wahitaji mtaani kwetu, tuanzie wapi?" Wa mwisho alikuwa na maswali matano, na yote nilikuwa nimeshamjibu jirani yake mwezi uliopita. Basi nayaandika hapa mara moja. Mimi ni mweka hazina wa mfuko wa aina hiyo Mbagala, Dar es Salaam, kwa hiyo taratibu za serikali nitakazotaja ni za Tanzania Bara.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii vikoba wala kikundi cha kufa na kuzikana. Hivyo vinamsaidia mwanachama aliyechangia. Mfuko huu unamsaidia mkazi ambaye hana hata cha kuchangia: bibi anayelea wajukuu wanne, mpangaji aliyevunjika mguu kwenye bodaboda, familia iliyounguliwa chumba. Ukivichanganya hivi viwili, haitapita miezi sita utasikia, "Mimi nimechanga mwaka mzima, mbona sijapata kitu?" Na huyo hatakuwa amekosea, ni ninyi mliomchanganya.

MNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Watu watano hadi saba wa kamati. Wasiwe wa ukoo mmoja wala wa dini moja, na wanawake wawe angalau nusu. Mmoja lazima awe mpangaji. Wenye nyumba wana roho nzuri, lakini wengi wamesahau tarehe ya kodi inavyokaba koo.
- Baraka za serikali ya mtaa. Nendeni kwa mwenyekiti na mtendaji mjitambulishe kwa barua. Wajue mpo, lakini msiwaingize kwenye kamati. Mtawahitaji kama mashahidi, na shahidi hawezi kuwa mweka saini pia.
- Kaunta buku mbili ngumu, moja ya mapato na matumizi, nyingine ya vikao. Kitabu cha stakabadhi chenye nakala. Faili moja linalofungiwa kwenye kabati lenye kufuli.
- Ahadi za michango ya miezi mitatu mbele, zilizoandikwa, hata kama ni ndogo. Kaya 40 zikitoa 2,000 kila moja ni 80,000 kwa mwezi. Inatosha kuanzia.

Hamhitaji fulana, ofisi, bango wala mgeni rasmi. Nimeona mfuko uliotumia mchango wake wa kwanza kushona fulana za wajumbe. Fulana bado zipo, tunaziona watu wamevaa wakienda sokoni.

HATUA

1. Andikeni mtasaidia nini na hamtasaidia nini.

Nusu ukurasa inatosha, lakini iandikwe kabla shilingi ya kwanza haijaingia. Sisi tuna mambo matano: chakula, dawa na vipimo, kodi ya chumba, vifaa vya shule, na dharura kama moto au mafuriko. Hatutoi kwa harusi, deni la vikoba, faini, wala mtaji wa biashara. Chagueni yenu. Wekeni pia mipaka ya eneo kwa majina ya barabara au mifereji, na kiwango cha juu ambacho kaya moja inaweza kupata kwa mwaka.

Tahadhari: msikopeshe. Kila kamati mpya huja na wazo hili: "Tuwape kama mkopo ili pesa izunguke." Mkianza kukopesha mmeingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo inataka hata vikundi vidogo vya kijamii visajiliwe kwa kazi hiyo. Na ukiacha sheria, mtu aliyeshindwa kulipa atakuwa anapita njia ya uchochoroni ili asikutane nanyi. Mmempa unga, mmemnyang'anya barabara.

2. Itisheni kikao cha wakazi, mpitishe katiba fupi.

Kurasa tatu au nne. Jina, eneo, madhumuni, kamati inachaguliwaje na inakaa muda gani, nani anaweka saini, hesabu zinasomwa lini, na mfuko ukivunjwa mali inakwenda wapi. Hicho kipengele cha mwisho watu hukiruka kwa kuona kama wanajitabiria mabaya. Msikiruke, ofisi za usajili watakitafuta.

Kuna sentensi moja naomba iwemo: mjumbe ambaye ndugu yake, mpangaji wake au mdeni wake ameomba msaada atatoka nje wakati ombi hilo linajadiliwa, na muhtasari utaonyesha kwamba alitoka. Mahudhurio yasainiwe siku hiyohiyo. Saini za kuzungukia nyumba kwa nyumba wiki mbili baadaye huleta maneno.

3. Chagueni mlango wa usajili.

Hapa ndipo simu nyingi zinapotoka, maana kila mtu ameambiwa kitu tofauti. Milango ni mitatu, na unaoufaa unategemea ukubwa wa ndoto yenu.

Mkiwa wadogo na mnafanya kazi ndani ya kata, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, awaongoze kusajiliwa kama kikundi cha kijamii kwenye halmashauri. Mara nyingi hilo linatosha kufungulia akaunti.

Mkitaka kupokea fedha za wafadhili na kuajiri, mlango ni wa mashirika yasiyo ya kiserikali, chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Unaweza kusajili ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Baada ya hapo kuna ada ya mwaka na taarifa ya mwaka. Msipopeleka mnajiwekea deni.

Mlango wa tatu ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Huku mnasajili bodi ya wadhamini chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Faida yake ni kwamba bodi inakuwa na uhai wake kisheria: inaweza kumiliki kiwanja au nyumba, kushtaki na kushtakiwa, hata wadhamini wenyewe wakibadilika. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao kilichowachagua wadhamini, taarifa zao na picha. Kama kuna mzee anataka kuuachia mfuko nyumba yake kwa wosia, njooni mlango huu mapema. Kiwanja cha jamii kilichoandikwa jina la mwenyekiti huwa cha watoto wa mwenyekiti siku akifariki, na watoto hao hawatakuwa na kosa, hati itakuwa upande wao.

Msikimbilie mlango mkubwa kwa kuwa unasikika vizuri. Anzeni na wa kata, hesabu zenu zitawaambia lini mmekua.

4. Fungueni akaunti ya mfuko.

Waweka saini watatu, na pesa itoke kwa saini za wawili. Mweka hazina na mwenyekiti wasiwe mume na mke, wala baba na mwana. Huduma za vikundi kwenye simu zinazotaka watu zaidi ya mmoja wathibitishe muamala zinafaa pia, hasa kama benki iko mbali.

Kosa nililofanya mimi: mwaka wa kwanza tulipokea michango kwenye namba yangu ya simu, kwa kuwa ndiyo watu walikuwa nayo. Pesa ya mfuko na pesa yangu ya kitunguu zikakaa kwenye salio moja. Sikuiba hata senti, lakini kikao cha Desemba kilinikuta nasogeza jumbe za miamala juu na chini kwa saa mbili, natafuta elfu kumi na tano. Ilipatikana: nilikuwa nimenunua umeme wa LUKU. Nikairudisha palepale, lakini macho ya wale akina mama siyasahau.

5. Kusanyeni kwa utaratibu.

Kila mchango una stakabadhi, hata wa 500. Anayetaka kutajwa atajwe, anayetaka kufichwa aandikwe "msamaria", na stakabadhi apewe vilevile.

Sasa jambo ambalo wageni wa kazi hii hawalijui: pesa na shida haziji msimu mmoja. Pesa huja Ramadhani na Krismasi. Shida huja Januari shule zinapofunguliwa, na masika, Machi hadi Mei, maji yanapoingia vyumbani na vibarua vinapokosekana. Mfuko unaogawa kila kitu Desemba 24 unapigwa picha nzuri, halafu Aprili hauna hata ya panadol. Sisi theluthi moja ya kila kinachoingia haiguswi mpaka masika.

Zaka isimamiwe peke yake. Muislamu akiwaletea zaka, iandikeni ukurasa wake na msiichanganye na mchango wa kawaida, kwa sababu ina watu wake wanane waliotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Muulizeni imamu wa hapo kabla ya kuigawa. Kama hamwezi kuitenganisha, mwambieni mwenyewe aipeleke msikitini. Atawaheshimu zaidi.

6. Pokeeni ombi, kisha mtembeleeni mwombaji.

Hii ndiyo kazi yenyewe, hayo mengine ni karatasi.

Ombi liweze kuletwa kwa mdomo. Ukitaka barua umewafungia mlango wasiojua kuandika, na hao ndio wengi uliowafungulia mfuko. Mjumbe asikilize, aandike. Mtu mwingine anaweza kumwombea jirani yake, kwa sababu mhitaji wa kweli mara nyingi haombi.

Wanaokwenda kutembelea wawe wawili, mmoja mwanamke, wasiwe ndugu wa nyumba hiyo. Msiende kwa msafara. Msiende na simu mkononi. Nendeni saa ambazo si za kula, mpige hodi kama wageni wengine, mkikaribishwa maji mnywe. Usianze na fomu. Uliza hali, uliza watoto, halafu useme wazi: "Mama, tumetumwa na mfuko, tungependa kukuuliza mambo machache, na usilotaka kulijibu uliache."

Mambo ya kujua ni haya: wanaoishi hapo ni wangapi na nani ana kipato, wiki hii wamekula mara ngapi kwa siku, kodi imelipwa mpaka lini, nani anaumwa na anatumia dawa gani, kuna ndugu anayesaidia, na mwombaji mwenyewe anadhani kitu gani kimoja kingempunguzia mzigo. Swali la mwisho ndilo hutuumbua. Tuliwahi kujipanga kumpelekea mzee mmoja mchele na mafuta, kumbe alichokuwa anahitaji ni nauli ya kwenda kliniki. Chakula alikuwa anapata kwa jirani.

Tahadhari: msipime uhitaji kwa vitu mnavyoviona. Televisheni ukutani inaweza kuwa ya enzi mume yupo kazini. Na nyumba tupu inaweza kuwa ya mtu aliyehamisha vitu jana aliposikia mnakuja, lipo hilo pia. Ulizeni mjumbe wa nyumba kumi na muuza duka, lakini kwa akili. Kwa Mangi hauulizi, "Fulani ni maskini?" Unauliza kama anakopesha watu na wanarudishaje. Atakwambia mwenyewe.

7. Kabla ya kutoa pesa, angalieni haki aliyonayo tayari.

Nusu ya maombi yetu ya hospitali yaliisha kwa safari moja ya dirisha la ustawi wa jamii. Vituo vya serikali vina utaratibu wa msamaha kwa watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Tatizo ni kwamba mzee hajui aseme nini na anaanza kwa kuona aibu. Mtumeni mjumbe amsindikize, na barua ya serikali ya mtaa mkononi.

Shuleni vilevile. Ada iliondolewa kwenye shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kwa hiyo ukiombwa "ada" ya shule ya msingi ya serikali, uliza vizuri. Mara nyingi kinachokosekana ni sare, viatu, madaftari, au mchango ambao hauna jina la kueleweka.

Kaya maskini sana ziulizwe kama zipo kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kuwemo kusiwe sababu ya kunyimwa kwenu, lakini mjue. Anayeomba mtaji aelekezwe halmashauri, kwenye mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Na mkikuta mtoto anapigwa au ananyanyaswa, hilo si la mfuko: mpigie afisa ustawi wa jamii, au namba 116 ya huduma kwa mtoto.

8. Amueni, lipeni, andikeni.

Kamati ikae kila wiki mbili. Kwenye kikao ombi lisomwe kwa namba, si kwa jina. Jina wanalo katibu na wale wawili waliotembelea tu. Dharura ya hadi kiasi fulani, tuseme 30,000, iweze kuidhinishwa na wajumbe wawili kwa simu na kuthibitishwa kikao kinachofuata. Moto hausubiri wiki mbili.

Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba moja kwa moja na ujumbe wa muamala utunzwe. Msikubali kulipa miezi sita kwa mkupuo eti ndivyo anavyotaka. Zungumzeni naye apokee miwili, wengi hulegea wakiona watu wazima wamekuja kuongea kwa heshima. Dawa zilipwe duka la dawa kwa cheti cha daktari. Lakini chakula, hapa tunabishana kila mwaka, mimi nasema mpeni pesa taslimu. Mama anayelisha watu sita kwa elfu tatu anajua kununua kuliko kamati yote. Wenzangu wawili wanataka iwe karatasi ya kuchukulia vitu dukani, na kwa nyumba yenye mlevi nakubaliana nao.

Anayepokea asaini. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na shahidi asaini pembeni.

Tahadhari kubwa kuliko zote: hakuna picha. Si ya bibi ameshika mfuko wa unga, si ya mtoto na madaftari, hata kama mfadhili anadai. Tangu Mei 2023 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hali ya mtu ya afya na umaskini wake si mali ya kundi la WhatsApp. Mfadhili anayetaka uthibitisho mwonyesheni stakabadhi zilizofunikwa majina. Akikataa, mwacheni aende. Tulimwacha mmoja aende na laki tano zake, na mwezi huo tulikaza mikanda.

9. Someni hesabu kila miezi mitatu.

Karatasi moja ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa: kilichoingia, kilichotoka kwa mafungu, kilichobaki, kaya ngapi zimesaidiwa. Hakuna majina. Kabla ya kubandika, mtu asiye wa kamati, mwalimu wa hesabu kwa mfano, apitie kaunta buku na kulinganisha na taarifa ya benki. Ikipungua elfu mbili, andikeni imepungua elfu mbili. Msizitoe mfukoni mwenu kuficha, maana ikizidi mtaifanyaje?

MAMBO YAKIKWAMA

Michango imeshuka. Mara nyingi hesabu hazijasomwa. Someni kwanza, ndipo muombe. Ikiendelea kushuka, punguzeni mambo mnayosaidia kutoka matano hadi mawili, na mseme hadharani. Mfuko unaotoa dawa tu, na unazitoa kweli, una heshima.

Mgombea anataka "kuwaunga mkono". Miaka ya uchaguzi hawakosekani. Jibu letu ni moja kwa vyama vyote: namba ya akaunti hii hapa, stakabadhi utapata, hakuna kukabidhi hadharani na hakuna nguo za chama. Wengi hawarudi, na hilo linawatosha kama jibu.

Mtu amedanganya akapata msaada. Msimtangaze. Wawili wamuendee, wamwambie kilichojulikana, na aandikwe kwamba hatapata kwa mwaka mmoja. Msidai kurudishiwa. Kama kuna watoto nyumbani, maombi yanayowahusu watoto yaendelee kupokelewa.

Mwombaji amekataliwa na anapiga kelele barabarani. Ajibiwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, kwa kusomewa ile nusu ukurasa ya hatua ya kwanza. Aambiwe anaweza kuomba kikao kimsikilize tena. Mjumbe asijitetee kwa kutaja shida za huyo mtu mbele za watu, hata akitukanwa.

Mweka hazina amehama, anaumwa au hapatikani. Ndiyo maana waweka saini ni watatu. Mbadilisheni benki kwa muhtasari wa kikao ndani ya wiki, na kaunta buku zikabidhiwe kwa maandishi, ukurasa wa mwisho ukisainiwa na wote wawili.

Mjumbe mwenyewe amekwama na anaona haya kuomba. Hutokea zaidi ya mnavyodhani. Aombe kama wengine, atoke nje, ajadiliwe kwa namba. Sisi tulimsaidia mmoja kodi ya miezi miwili, akaendelea na ujumbe wake, na anayejua ni katibu na wale wawili waliomtembelea.

Mmechoka na mnataka kufunga. Itisheni wakazi, msome hesabu ya mwisho, salio liende pale katiba ilipoelekeza, na mpeleke taarifa ofisi iliyowasajili. Kaunta buku ya hesabu itunzwe. Zile fomu za kutembelea wahitaji, zilizoandikwa nani alilala njaa na nani anaumwa nini, msizikabidhi kwa mtu yeyote. Zichomeni, wajumbe wawili wakishuhudia.